Sinia Kwenye Barafu

Habari kwamba barafu imeanguka mlimani zilimkuta Nazir dukani akimpimia mteja kitambaa, na mkasi ukasimama katikati ya kazi. Mtu mwingine angesema "Loo!" akaendelea kukata. Nazir hakuumbwa hivyo. Jambo jipya lilimwasha mwili mzima, na kama jambo lenyewe lilikuwa la Wazungu, ndiyo basi tena, hakutulia mpaka alijaribu.

Mwaka ule Idd iliangukia katikati ya masika. Kule juu Meru, kwenye uwanda wa nyasi ulio juu ya kiwanda cha mbao, mvua ya mawe ilinyesha kutwa kucha mpaka ardhi ikawa nyeupe pe, na baridi ikaizuia isiyeyuke. Walowezi wa mashamba ya kahawa walifurahi kama watoto. Walitoa stoo mbao ndefu nyembamba walizokuja nazo kutoka kwao, zile wanazofunga miguuni ili kuteleza, wakazipandisha juu ya Landrova zao. Msafara wao ulipita mbele ya duka la Nazir, watoto wamevaa masweta mekundu, wanaimba.

Jioni ile Nazir aliingia nyumbani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mwaka huu Idd tunaila mlimani. Zulfi ataona barafu."

"Idd inaliwa nyumbani," alisema mama yake, Maleksultan, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya amri, na tangu mumewe afariki hapakuwa na jambo lililopita nyumbani mle bila yeye kulibariki. "Na mtoto atapata nimonia."

"Ma, watoto wa Wazungu wanacheza huko huko. Wamepata nimonia?"

"Wale wamezaliwa nayo."

Khairunissa, mke wa Nazir, alikuwa jikoni akikaanga vitunguu. Yeye alikuwa na swali moja tu, nalo alimwuliza mumewe baadaye, pembeni, kama alivyozoea kuuliza maswali yake yote. "Wale watu watatukubali pale?"

"Mlima ni wa baba yao?" Nazir alisema, akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Aliyemaliza ubishi alikuwa mtoto. Zulfikar, miaka mitano, mtoto wa pekee katika nyumba ile, aliingia amevaa soksi za baba yake mikononi mpaka kwenye viwiko, akauliza kama barafu inauma. Maleksultan alicheka mpaka akajifuta machozi. Na mtu akishamchekesha Maleksultan, amekwisha kupata anachotaka.

Kulikuwa na jambo la sinia. Katika nyumba ile chakula cha Idd hakikupakuliwa kwenye sahani. Biriani ilimiminwa yote juu ya sinia moja kubwa la shaba, alilokuja nalo Maleksultan siku aliyoolewa, na familia ikalizunguka, kila mtu akala upande wake. Nazir alipewa upande wenye nyama. Khairunissa alikaa upande wenye mifupa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona kwamba yuko upande wenye mifupa. Idd ikihamia mlimani, basi na sinia nalo lilihamia.


Walitoka msikitini, wakapeana mikono na kubusiana na jamaa, kisha wakapanda pikapu ya duka. Dereva alikuwa Philemoni, kijana wa Kichaga kutoka Machame aliyepanga chumba Kaloleni. Idd haikuwa sikukuu yake, lakini aliahidiwa biriani, na kwa biriani ya nyumba ile Philemoni angeendesha gari mpaka kilele cha mlima. Mbele waliketi yeye, Nazir na Maleksultan, mtoto mapajani mwa bibi yake. Khairunissa alikaa nyuma chini ya turubai na masufuria, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, mchuzi usimwagike.

Uwanda ulikuwa mweupe kweli. Zulfi alishuka, akagusa ardhi kwa kidole, akapiga ukelele, akagusa tena. Khairunissa mwenyewe, aliyefika amekufa ganzi miguu, aliokota konzi ya barafu akaiweka shavuni, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kwa sauti. Upande wa juu Landrova zilikuwa zimepangwa mstari. Gramafoni ilikuwa ikiimba. Wazungu wakubwa kwa wadogo walikuwa wakishuka mteremko juu ya mbao zao, wengine wakianguka, wengine wakipiga makofi.

Nazir alikuwa bado anatandika mkeka pale alipomwona Mzungu mmoja mwenye sweta la kijani akimjia. Alimfahamu, alikuwa mteja wake wa kaki na shuka.

"Bwana Duka! Sikukuu njema," Mzungu alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Lakini hapa watoto yetu nashuka mbio sana. Hatari kwa nyinyi. Afadhali enda upande ile." Alinyoosha mkono kwenye ukingo wa msitu, mahali watu wa kiwanda walipokata miti.

Hakutukana. Hakupaza sauti. Na Nazir, kwa Kiingereza chake safi, alimjibu asante sana, bwana. Akakunja mkeka, akaubeba, familia yake ikamfuata na masufuria. Baadaye, katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine, kwamba alishukuru.

"Huku kuna visiki," Philemoni alisema, akipiga teke tuta jeupe.

"Wewe kila kitu kwako kisiki," Nazir alimjibu. "Lete sinia."

Walikula. Biriani ilipoa kabla haijafika mdomoni lakini ilikuwa tamu hivyo hivyo, na Philemoni alipakuliwa yake pembeni kwenye bakuli la bati, akala kwa kuchuchumaa na kuisifu kila tonge. Zulfi hakula kitu. Macho yake yalikuwa juu, kwa watoto wenye masweta mekundu.

"Bapa, na mimi nataka kuteleza."

Nazir aliangalia sinia. Lilikuwa tupu, linang'aa, na kingo zake zilikuwa zimejikunja kidogo kama za mashua. Alilisugua kwa barafu.

"Nazir!" mama yake alimaka. "Sinia la chakula!"

"Litaoshwa, Ma."

Alianza mwenyewe. Alikaa juu yake na kitambi chake na tai yake, akajisukuma, sinia likazunguka mara mbili likamtupa kifudifudi. Jamani walicheka! Hata kule juu Wazungu waliacha mbao zao wakatazama, na mwanamke mmoja akapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyomlevya Nazir. Alijikung'uta barafu akainama kama mchezaji wa jukwaani, na kuanzia hapo hakuwa akicheza tena na familia yake, alikuwa akichezea watazamaji. Alimpandisha Philemoni, Philemoni akashuka akipiga mayowe ya Kichaga, kofia mkononi. Kisha akampandisha Zulfi.

"Msukume."

"Taratibu, bwana?"

"Taratibu ya nini? Watu wanatazama. Sukuma!"

Philemoni alisukuma. Sinia liliondoka mbio, zuri, limenyooka, Zulfi ameshika kingo na mdomo wake umefunguka kwa furaha. Halafu likageuka lenyewe. Hakuna aliyekiona kile kisiki. Walisikia tu shaba ikilia, na mtoto akaruka kidogo hewani akaangukia tumbo juu ya kisiki.


Alisimama mwenyewe. Hilo liliwadanganya wote. Alisimama, akalia kidogo, akaonyesha viganja vyake, navyo havikuwa hata na mkwaruzo. Nazir alimnyanyua akamrusharusha akisema dume, dume, dume halilii. Ni Khairunissa aliyeona midomo ya mwanawe imepoteza rangi.

"Mama, tumbo," Zulfi alisema. "Na bega. Bega linauma." Akalaza kichwa.

Yule mwanamke aliyepiga makofi alishuka mteremko mbio. Alikuwa mama wa makamo aliyekuwa nesi wakati wa vita, na mikono yake ilijua kazi. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akabonyeza tumbo upande wa kushoto, mtoto akapiga kelele. Akamshika mapigo ya mkono. Uso wake ukabadilika.

"Anavuja damu ndani," alimwambia Nazir kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia Khairunissa, akasema kwa Kiswahili, polepole, kidole kimeinuliwa: "Hospitali sasa hivi. Na usipe yeye kitu. Hapana chakula. Hapana maji. Hapana kitu kabisa kwa mdomo. Nasikia?"

"Nimesikia, memsahib," Khairunissa alijibu.

Nazir alikimbia mpaka kwenye Landrova. Alimkuta yule wa sweta la kijani, akamweleza, akamwomba gari, kwa sababu barabara ya chini ilikuwa tope na pikapu haikuwa na nguvu ile. Aliomba vizuri. Aliita "sir" mara nyingi kuliko alivyowahi kuita siku moja.

"Tuna watoto hapa wa kushusha pia," yule bwana alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona vibaya kweli. "Na nyinyi mna gari. Mkiondoka sasa mtafika mapema."

Nazir alizitazama zile Landrova zilizopangwa mstari. Kisha akarudi mbio.

Pale kwenye pikapu Maleksultan alikuwa amempata mwenye makosa. "Wewe!" alimpigia Philemoni kelele. "Wewe ulimsukuma mtoto wangu! Mkono wako huo!"

"Bwana ndiye aliyesema nisukume, mama mkubwa," Philemoni alisema, ufunguo haumwingii kwenye tundu. "Ruwa, Mungu wangu! Bwana, si ulisema?"

Nazir aliufunga mlango wa gari. "Endesha," alisema.


Pikapu ilikwama kwenye mteremko wa pili, chini kidogo ya kiwanda. Gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli, na kila Philemoni alipokanyaga mafuta lilijichimbia zaidi. Alishuka na jembe. Nazir alivua koti na kukimbilia mabondeni kutafuta watu wa kusukuma, viatu vyake vya Idd vinamvuka kwenye tope.

Wanawake wawili walibaki ndani na mtoto. Sasa wote watatu walikuwa mbele, na mvua ilikuwa imeanza tena. Zulfi alitetemeka. Jasho lilimtoka, lakini ukimgusa ni baridi kama chupa. Alikuwa ameacha kulia, na Khairunissa angetoa chochote alichokuwa nacho duniani mwanawe alie tena.

Maleksultan alikuwa akimkanda tumbo kwa viganja, polepole, kwa mzunguko, kama alivyowakanda watoto wake wote na wa majirani. "Amepoa ndani," alisema. "Damu imeganda kwa baridi, ndiyo maana. Nipe chupa."

Chupa ilikuwa temosi ya maziwa ya moto, yenye manjano na sukari na samli kidogo juu. Ndiyo dawa ya nyumba ile. Aliyeanguka alipewa maziwa yale, aliyejifungua alipewa, mwenye homa, aliyefiwa, aliyeota ndoto mbaya. Maleksultan aliyachemsha mwenyewe alfajiri, maana hakumwamini mtu mwingine kwa kipimo cha manjano.

"Ma," Khairunissa alisema. "Yule mama amekataza. Amesema asipewe kitu."

"Yule mama amezaa wangapi?"

"Ni nesi, Ma."

"Mimi nimezaa saba na kuwalea saba. Hakuna hata mmoja niliyemnyima maziwa akitetemeka." Alimtazama mkwewe kwa macho yale yaliyokuwa yakimfanya kila siku ashushe yake. "Wewe unajua zaidi? Sema basi. Unajua zaidi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ndiyo. Khairunissa aliijua ile ndiyo, aliihisi mpaka kwenye meno. Lakini tangu aolewe hakuwa amewahi kumpinga mama mkwe hata kwa chumvi ya mchuzi, na ulimi nao huzoea. Alitoa chupa kwenye kikapu. Akaifungua mwenyewe.

Mtoto alikunywa kwa kiu. Alikunywa kikombe kizima, macho nusu yamefumbwa, na bibi yake akamsomea dua juu ya kichwa na kusema, "Umeona? Umeona rangi inavyorudi?" Hakukuwa na rangi iliyorudi.

Nazir alitokea na wanaume wa Kimeru wenye matawi na kamba. Alichungulia ndani kumtazama mwanawe. Juu ya mdomo wa Zulfi palikuwa na mstari wa manjano.

"Amekunywa?"

"Kidogo tu," mama yake alisema.

Nazir alimtazama mke wake. Khairunissa alitazama kikombe. Hapo Nazir alitoa leso, akaufuta mdomo wa mtoto vizuri, akaikunja leso akairudisha mfukoni.

Walikuwa bado wanasukuma pale Landrova za Wazungu zilipofika nyuma yao, zikapiga honi, kwani njia ilikuwa moja na pikapu ndiyo iliyoiziba. Ndipo mnyororo ulipopatikana. Yule wa sweta la kijani aliwavuta mwenyewe mpaka kwenye changarawe, kwa sababu asingewavuta naye angelala pale. Yule mama nesi aliruka chini akaja dirishani, akamtazama mtoto, akamwuliza Nazir, "Hamkumpa kitu?"

"Hapana, madam," Nazir alisema. "Hakuna kitu."

Uongo ule ulimtoka kirahisi kama bei ya kitambaa. Alikuwa mtu msafi, msomi kidogo, aliyezoea kuwaona Wazungu wakimtofautisha na wale Wahindi wengine, na hakutaka kuonekana mbele ya mwanamke yule kama mtu anayeambiwa neno moja lisimwingie. "Vizuri," mama yule alisema. "Sisi tutatangulia. Nitamwambia daktari aandae kila kitu." Na kweli walitangulia, na kweli alimwambia.


Hospitali ilikuwa na varanda tatu, na hata mgonjwa anayekata roho ilibidi ajue ni ipi yake. Philemoni, kwa kuchanganyikiwa, alisimamisha gari mbele ya ile ya kwanza. Askari wa mlangoni akamwelekeza kwa kirungu azunguke, Wahindi ni upande wa pili, hivyo wakazunguka.

Daktari alikuwa akingoja. Mzungu mrefu, mchovu, mikono yake imekwisha kunawishwa na ameiinua mbele ya kifua. Alimtazama mtoto, akamwuliza Nazir maswali machache kwa Kiingereza, na kitanda cha magurudumu kikaletwa. Dresa mmoja wa Kimeru, mfunga vidonda wa makamo aliyeitwa Elieza, alianza kumvua Zulfi shati lake la Idd.

"Amekula saa ngapi?" Elieza aliuliza.

"Nimeshamjibu daktari," Nazir alisema. "Hajala. Tangu asubuhi hajala."

Hilo, angalau, lilikuwa kweli kwa upande wa chakula. Mtoto hakuigusa biriani. Nazir alilishikilia lile neno kula kama mtu anayening'inia kwenye tawi.

Khairunissa hakujua Kiingereza. Alijua Kikachi cha nyumbani na Kiswahili alichojifunza sokoni na jikoni, na hicho cha pili ndicho alichomtumia sasa dresa, kwa sauti ndogo. "Kaka, mbona kila mtu anauliza habari ya chakula?"

"Kwa sababu ya dawa ya usingizi, mama. Mtoto atafunguliwa tumbo, bandama imepasuka. Akiwa na kitu tumboni, hata maziwa, akishalala kinapanda kooni, kinaingia kwenye mapafu. Hapo anakufa mezani. Sasa wewe usiogope, huyu hana kitu."

Alisema kwa wema kabisa, na tayari alikuwa ameanza kusukuma kitanda.

Khairunissa alimgeukia mumewe. Nazir alikuwa amesikia, uso wake ulikuwa umeingia jivu. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamnong'oneza kwa Kikachi, haraka haraka. "Ni maziwa tu. Yameshashuka. Tukisema wataanza kungoja, na damu inamjaa, hujaona tumbo lake? Wakingoja atakufa. Na Ma je? Utamwaibisha Ma mbele ya hawa?"

Maleksultan alikuwa ameketi kwenye benchi, shali imemfunika kichwa, anavuta tasbihi. Hakuelewa neno bandama. Alielewa kwamba mjukuu wake anapelekwa mahali ambapo yeye haruhusiwi kufika.

Magurudumu ya kitanda yalilia sakafuni. Labda Nazir alikuwa na haki. Labda maziwa yalikuwa yameshashuka, labda kila dakika ya kusema ilikuwa tone lingine la damu ya mtoto, na Khairunissa hakujua, hakuna aliyemfundisha, nani angejua? Alijua jambo moja tu, kwamba alikaa kimya mara moja siku ile na alichopata ndicho hiki.

Alijing'oa mkononi mwa mumewe. Alikimbia akashika chuma cha kitanda kwa nguvu, kitanda kikasimama kwa kishindo.

"Amekunywa maziwa!" alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo wagonjwa wa varanda nzima waliisikia. "Kikombe kizima. Njiani tulipokwama, si zamani. Maziwa ya samli. Bibi yake amempa, na mimi ndiye niliyefungua chupa. Baba yake amesema uongo. Mwambie daktari, mwambie sasa!"

Elieza alimwambia. Daktari hakumtukana mtu. Alimtazama Nazir tu, kuanzia kwenye tai yenye tope mpaka kwenye macho, na Nazir, aliyevumilia mengi tangu asubuhi, hakuweza kuvumilia hilo. Alitoka nje.

"Anasema mpira uletwe, tumwoshe tumbo kwanza," Elieza alisema. "Anasema ushike miguu, mama. Ushike kweli, asijirushe."

Alishika. Waliupitisha mpira puani mwa Zulfi mpaka chini, na mtoto ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia alipata nguvu ya kumtazama mama yake kwa macho ya kuuliza kwa nini. Maziwa yalitoka. Yalitoka ya manjano vile vile, mengi, kwenye beseni jeupe, na samli ikaelea juu. Hayakuwa yameshuka hata kidogo.


Nje Philemoni alikuwa amesimama kando ya gari, kofia mikononi, ameipindapinda mpaka imepoteza umbo.

"Bwana," aliuliza, "polisi watakuja?"

"Polisi wa nini?"

"Mimi ndiye niliyesukuma."

Nazir alikuwa ameegemea nguzo, amefunika uso kwa leso. Alipoona ni leso gani aliitupa. "Mimi ndiye niliyekwambia usukume," alisema. "Akikuuliza mtu yeyote, mwambie hivyo. Mwambie Nazir alisema sukuma, watu wanatazama." Halafu alilia, mtu mzima, mbele ya dereva wake, na Philemoni hakujua aangalie wapi, akaanza kubandua tope kwenye gurudumu kwa vidole.

Ndani, kwenye benchi, Khairunissa alikaa upande mmoja na mama mkwe upande mwingine, na kati yao palibaki nafasi ya mtu. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa. Maleksultan alikuwa amekwisha kuelezwa, kwani kwenye varanda ile hapakuwa na aliyekosa kusikia.

"Umenifanya muuaji mbele ya watu," alisema hatimaye.

"Nimesema ulichompa, Ma."

"Nilimpa kwa mapenzi!"

"Najua."

"Unajua!" Sauti ya yule mama ilipasuka. "Ungeninyang'anya kikombe basi! Kama unajua, ungeninyang'anya pale pale!"

Neno lile lilikuwa kweli, na Khairunissa alijua lingekuwa kweli mpaka siku anaingia kaburini. Aliinama akakamata kichwa chake. Nazir aliingia, akasimama karibu na ile nafasi katikati ya benchi, asikae.

Taa zilikuwa zimeshawashwa varandani pale daktari alipotoka. Alisema na Nazir kwa kifupi na kuondoka bila kuaga. Nazir alitafsiri kwa midomo mikavu. Bandama imetolewa. Damu nyingi imepotea, mtoto amedhoofika sana. Kama maziwa yale yangekuwa tumboni asingefika hata nusu ya kazi. Wala sasa daktari haahidi kitu, wangoje mpaka kesho. Hapo Nazir alimtazama mkewe, akashusha macho.

Zulfi alilazwa chumba cha pembeni. Elieza aliwaruhusu kuchungulia mlangoni, na akawapa amri ile ile waliyopewa mlimani, ila safari hii aliirudia kwa kila mmoja wao, akimtazama machoni kama mtoto wa shule. Ataamka na kiu kali. Ataomba maji. Asipewe hata tone. Utumbo nao umeshonwa, tone moja linaweza kumuua.

Akaamka. Sauti yake ilitoka nyembamba mno kiasi kwamba mwanzoni walidhani ni mlango.

"Maji."

Hakuna aliyesogea.

"Mama, maji. Mama." Alingoja. Halafu akamwita yule ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumwomba kitu akakikosa. "Dadima. Dadima, nipe maji."

Maleksultan aliinuka. Aliinuka mzima mzima na unene wake wote, akaenda kwenye mtungi wa varanda, akachovya ncha ya shali, akaja nayo inachuruzika, machozi yanamtoka bila sauti. "Midomo tu," alisema. "Nimlowanishe midomo tu."

Khairunissa alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

"Hapana, Ma."

"Ni tone."

"Hata tone."

"Ananiita mimi! Humsikii? Ananiita mimi!" Maleksultan alimtazama mwanawe amsaidie, na Nazir akainamisha kichwa. Alimtazama tena mkwewe, yule aliyemzoea akishusha macho, akayakuta macho yamekaa pale pale. Aliketi sakafuni, shali yenye maji imemlowesha mapaja, akauliza kwa sauti ya mtu asiyemwuliza yeyote, "Basi nimpe nini mimi? Nimpe nini?"

Nyuma ya Khairunissa mtoto alikuwa akiomba maji, mara akimwita yeye, mara akimwita bibi yake, na kila mara sauti ilikuwa ndogo kuliko mara iliyotangulia. Aliweka mkono mmoja kwenye mwimo huu wa mlango na mwingine kwenye mwimo ule, akamsikiliza, na hakumpisha mtu.